Maradhi Yanayokaa Kimya na Dawa Inayoyazuia

Ng'ambo ya mto Songwe, unaotenga Kyela, nchini Tanzania, na nchi ya Malawi, watafiti wa ukoma walichukua matone ya damu ya maelfu ya wanavijiji wa Karonga tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Nayo damu hiyo ilipopimwa baadaye, ikadhihirika kwamba virusi vya Ukimwi vilikwisha kuingia katika ukanda huu wa Ziwa Nyasa kati ya mwaka 1981 na 1984, wakati ambapo Tanzania yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza yatambua wagonjwa wake wa awali, huko Kagera, mwaka 1983. Maradhi haya, basi, hufika kabla ya kujulikana. Na jinsi yalivyoingia katika nchi ndivyo yaingiavyo katika mwili wa mtu.

Juma la pili hadi la nne baada ya kuambukizwa, wengi hupatwa na homa, maumivu ya koo, vipele na uvimbe wa tezi, mambo ambayo katika bonde la Mwaya, huko Kyela, lenye mbu tele, hudhaniwa kuwa ni malaria tu, ilhali wakati huo virusi vimejaa damuni na vyaambukiza upesi kuliko wakati mwingine. Homa hupoa, na hapo huanza kimya kirefu, aghalabu cha miaka minane au kumi, ambacho ndani yake virusi huziangamiza kidogo kidogo chembe za CD4 zinazoongoza kinga ya mwili. Mtu mwenye siha ana chembe hizo 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikipungua chini ya 200, kifua kikuu, nimonia na homa ya uti wa mgongo hupata mwanya, na hali hiyo ndiyo Ukimwi wenyewe.

Ama kuhusu tiba, mseto wa dawa ulidhihirisha nguvu zake mwaka 1996, na Serikali ya Tanzania ikaanza kuutoa bila malipo mwaka 2004. Zamani mgonjwa alingojea CD4 zishuke. Tangu mwaka 2016, kila agunduliwaye kuwa na virusi huanzishiwa dawa mara moja. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofovir na lamivudini, zinazozuia virusi visijinakili, pamoja na dolutegravir, inayozuia nakala isijipachike katika chembe ya mtu. Lakini vipo virusi vilivyolala ndani ya chembe, ambavyo dawa haivifikii, na mwenye kuiacha huviamsha. Adumuye nayo hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana, na mama huweza kuzaa mtoto aliyesalimika.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya watu wazima tisa katika kila mia mkoani Mbeya, iliko Kyela, wana virusi, ilhali nchi nzima walikuwa takriban watano. Na kwa kuwa kuacha dawa huviamsha virusi, mvuvi wa Mwaya mwenye virusi aendaye dago kutafuta usipa, na mkulima wa mpunga ambaye masika humkatia njia, na wachukue kliniki dawa za miezi kadhaa kabla ya safari na mafuriko. Na yule ambaye hajapima, asingojee kuugua ndipo aende. Siha ya leo si ushahidi wa usalama, bali ndiyo wasaa bora wa kupima na kuanza tiba.