Mwenye Negativu Ndiye Mwenye Picha

Wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha za muziki ni starehe tupu: kuingia dansini bila tiketi, kusimama karibu na jukwaa na kujuana na waimbaji mashuhuri. Maisha ya Baron Wolman, Mmarekani aliyefariki dunia tarehe 2 Novemba, 2020, akiwa na umri wa miaka 83, yanatufundisha vingine. Picha ni mali, na wahenga walikwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wolman alizaliwa mjini Columbus, katika jimbo la Ohio. Alipokuwa askari wa jeshi la nchi yake mjini Berlin, alipiga picha za ukuta ulioanza kujengwa mwaka 1961 kuugawa mji huo, akaliuzia gazeti la kwao. Hapo ndipo alipotambua kwamba kamera yaweza kumlisha mtu.

Baadaye alihamia San Francisco, akakaa katika mtaa wa Haight-Ashbury. Mwaka 1967 mtaa huo ulifurika vijana walioitwa mahipi. Walifuga nywele, wakapinga vita vya Vietnam, wakadharau desturi za wazazi wao, na muziki wa roki ukawa ndio lugha yao. Wageni wengi walikwenda kuwatazama kama kioja; Wolman alikuwa jirani yao.

Mwaka huo kijana wa miaka 21, Jann Wenner, alimweleza azma yake ya kuanzisha jarida la muziki, akamtaka awe mpiga picha wake. Fedha za kumlipa hazikuwapo. Wolman alikubali kufanya kazi bila mshahara kwa sharti moja: jarida litumie picha zake, lakini picha zenyewe zibaki kuwa mali yake. Toleo la kwanza la Rolling Stone lilitoka tarehe 9 Novemba, 1967. Ndani yake zilikuwamo picha zake za bendi ya Grateful Dead, ambayo polisi walikuwa wameivamia nyumbani kwake, Mtaa wa Ashbury, wakitafuta bangi.

Kwa muda wa miaka mitatu hivi aliwapiga picha Jimi Hendrix, Janis Joplin na wengineo wengi, jukwaani na majumbani mwao. Siku zile milango ilikuwa wazi. Baadaye biashara ilipokua, mameneja waliweka walinzi na masharti: mpiga picha aruhusiwe nyimbo tatu za mwanzo tu, kisha atolewe. Katika tamasha la Woodstock, Agosti 1969, ambako walikusanyika watu wapatao 400,000, Wolman aliugeukia sana umati uliokuwa ukilowa mvua na kulala matopeni. Alielewa kwamba habari kubwa ya siku zile haikuwa waimbaji peke yao, bali pia vijana waliowasikiliza.

Aliliacha jarida hilo mwaka 1970, akaanzisha lake, Rags, lililohusu mavazi ya watu wa mitaani. Alipiga picha za mpira, akajifunza urubani na kupiga picha za nchi kutoka angani. Lakini negativu za miaka ile mitatu alikuwa nazo kabatini, na ziliendelea kumpa vitabu na maonyesho hadi uzeeni.

Hatumshauri mtu yeyote afanye kazi bure. Mfanyakazi anastahili ujira wake. Hata hivyo, ujira huliwa ukaisha, na mwenye kusaini karatasi asiyoisoma huenda akauza kwa siku moja jasho la maisha yake yote. Awe anapiga picha za wanamuziki au za harusi, mpiga picha hana budi kuuliza mapema, kabla kamera haijatoka mfukoni: picha hizi zitakuwa za nani? Wolman aliuliza swali hilo wakati hapakuwa na senti ya kugombania, na ndiyo maana alipata jibu jema.