Nyumba imepakwa rangi jana? Leta mkaguzi kabla hujatia sahihi

VIJANA wengi wanaonunua nyumba ya kwanza Kitengela, Ruiru au Syokimau huingia humo na macho ya mpangaji. Wanaangalia vigae, kabati za jikoni na kama simu inashika mtandao. Mpangaji akichoka huhama mwisho wa mwezi. Wewe umechukua mkopo wa miaka 20, utahamia wapi?

Wengine hutulia wakidhani benki imeshawakagulia. Hapo ndipo watu hunaswa. Mthamini wa benki huja kupima kama nyumba ikipigwa mnada italipa deni. Kupanda darini kutafuta mchwa si kazi yake. Tafuta mtu wako, mhandisi au sava wa majengo aliyesajiliwa, umlipe wewe mwenyewe. Yule anayeletwa na ajenti, mshukuru tu kwa kuja.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu, mkaguzi makini atakaa saa mbili au zaidi. Mwachie nafasi, ila usiketi ndani ya gari. Mfuate. Ataanza na kuta. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha, na unaoweza kumeza sarafu, huo ni wa kuuliza maswali, hasa kwenye ule udongo mweusi wa Kitengela na Athi River unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Msingi uliowekwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hutembea nao. Na ukiona ukuta mmoja tu una rangi mpya, uliza kwa nini.

Kisha maji. Fungueni mifereji yote kwa pamoja, mwone kama presha inashuka. Onja maji ya kisima. Sehemu nyingi za huko yana chumvi. Doa la kahawia kwenye dari chini ya bafu la jirani halijafika hapo lenyewe. Washeni shawa ya stima pamoja na pasi: taa zikififia, waya ni hafifu. Uliza majitaka yanaenda wapi, na kama ni shimo, liko umbali gani na kisima. Ikiwezekana, rudi siku ya mvua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha wazi ni mitaa ipi hugeuka bwawa, na jirani atakueleza bure.

Mwishowe utapewa ripoti ya maandishi yenye picha. Usitarajie miujiza: mkaguzi havunji ukuta, kwa hivyo vyuma vilivyofukiwa ndani ya nguzo hatavihesabu. Kwa ghorofa, dai michoro iliyoidhinishwa na kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) na cheti cha kuruhusu watu kuhamia.

Kuna jambo jingine ambalo hata mhandisi mwenye macho ya tai hatalipata kwa kugonga ukuta. Nyumba zilizobomolewa Syokimau Novemba 2011 na Mavoko Oktoba 2023 hazikuangushwa kwa sababu ya nyufa. Mzozo ulikuwa wa ardhi. Kwa hivyo wakili afanye upekuzi wa hati, naye sava wa ardhi athibitishe kuwa bikoni ziko mahali pake.

Haya yote yafanyike kabla ya ile asilimia 10 ya kwanza kutoka mfukoni. Ukiwa na ripoti mkononi unaweza kuomba bei ishuke, kudai marekebisho au kuondoka na pesa zako. Ukikubali kuendelea, wakili aandike kila kasoro kwenye mkataba, nani ataitengeneza na kwa siku ngapi. Ile ya ajenti kukutumia “usijali bro, tutasort” kwa WhatsApp haitoshi.