Kombe ilifika Lubumbashi. Ligi ya wanawake itafika lini kwetu?

Wandugu wachimbaji, wa mama, vijana: tarehe 23 Novemba 2024, mu muji wa El Jadida kule Moroko, wanawake wa TP Mazembe walishinda AS FAR 1-0. Bao ilikuwa ya Marlène Kasaj. Kombe ya Mabingwa wa Afrika ya wanawake, iliyoanza mu 2021, ikaingia Kongo kwa mara ya kwanza. Mbele yao Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini iliibeba mara mbili, na AS FAR yenyewe mara moja. Kocha wa Mazembe alikuwa mama, Lamia Boumehdi wa Moroko, na mwaka ule CAF ilimupa tuzo ya kocha bora wa mupira wa wanawake. Mushindi alitangaziwa dola 600.000.

Tulifurahi sote. Lakini mwezi wa saba wa 2025, kule kule Moroko, Léopards wanawake walirudi mu CAN kwa mara ya kwanza tangu 2012. Walicheza mechi tatu na wakapoteza zote: Moroko 4-2, Senegal 4-0, Zambia 1-0. Na ni nchi hii hii iliyokuwa ya tatu Afrika mu 1998, kule Nigeria.

Namna gani nchi iliyokuwa na klabu bingwa wa Afrika ilipoteza mechi tatu mufululizo? Sisi wa sindika tunaona jibu liko wazi. Klabu moja haiko ligi. Shimo moja lenye madini mazuri halilishi muji muzima.

Ligi ni kalenda na mushahara

Ligi maana yake ni nini? Ni kalenda: muchezaji anajua siku ya mechi tangu mwanzo wa mwaka mupaka mwisho. Ni refa mwenye kulipwa, ni pesa ya safari, ni munganga pembeni ya kiwanja. Juu ya yote ni kontra. Bila hayo, wasichana wanakusanyika siku chache, wanacheza, wanapigwa picha, kisha kila mutu anarudi nyumbani kuuza ndizi.

Tuangalie majirani. Tanzania ilianza ligi yake ya wanawake mu 2016. Bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, ekipe ya muji mudogo wa mukoa wa Pwani. Kisha klabu kubwa, Simba na Yanga, zikaingiza ekipe zao za wanawake. Mu 2022 Simba Queens walifika nafasi ya nne mu Afrika nzima. Na wachimbaji musikilize hii: mu ile ligi ilichezea pia Geita Gold Queens, ekipe ya muji wa dhahabu. Geita iko na mashimo sawa na sisi, iko na vumbi sawa na sisi, na wasichana wake walifika mu ligi ya taifa.

Moroko ilienda mbali zaidi. Tangu 2020 shirikisho lao linasaidia klabu za wanawake kulipa mishahara. Haikuwa bahati kama AS FAR ilifika fainali.

CAF nayo ilitia sharti: klabu ya wanaume yenye kutaka kucheza mashindano ya Afrika lazima iwe na ekipe ya wanawake. Sharti ni zuri, lakini tunajua karatasi. Mu mashimo pia kuna karatasi nyingi zenye kusema mutu amevaa kofia na buti, na iko ndani na ndala.

Swali la wazazi

Kwenye mikutano yetu wazazi wanauliza: binti yangu anapenda mupira, atapata nini? Na akivunjika muguu, nani atalipa hospitali? Wa mama wenye kutwanga na kuosha mawe wanauliza kwa nguvu zaidi, juu wanajua kazi bila kontra ni nini. Siku unaumia, njo siku unasahauliwa.

Muzazi wa namna hii haiko mupinzani wa mupira. Anauliza swali la mufanyakazi, na jibu liko mu sheria. Kwa kanuni za FIFA, muchezaji mwenye kontra ya maandishi na kulipwa zaidi ya gharama zake ni wa kulipwa, mwanaume ao mwanamuke. Tangu Januari 2021, mwanamuke mwenye kontra akizaa ana haki ya likizo ya wiki 14, na mushahara usipungue theluthi mbili. Ni wa mama wangapi mu mashimo yetu wanapata hiyo? Wasichana wa mupira wakiipata, na sisi tutakuwa na mufano wa kuonyesha ma patron.

Goma iko mbali

Hapa kwetu shida ni mara mbili. Wasichana wanakimbia juu ya mawe ya volkano, fasi goti likigusa chini linachanika. Na ekipe ikikomaa, itafika namna gani Kinshasa ao Lubumbashi? Barabara ya kupita na bisi mupaka kule haiko, na tangu mwisho wa Januari 2025 vita imefunga kiwanja cha ndege. Ligi yenye kuitwa ya taifa na Kivu haimo, ni ya taifa kwa jina tu.

Njo maana tunaomba mambo matatu. Kwanza, FECOFA ipange mechi kwa kanda, ili ekipe za Mashariki zichezeane karibu, na washindi tu ndio wasafirishwe. Pili, hata ekipe ndogo isimuchezeshe msichana bila karatasi yenye kusema nani atamulipia matibabu. Tatu, sheria ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wenyeji wakikaa kuandika mahitaji yao, wandike shule, wandike maji, na wandike kiwanja kimoja chenye udongo laini.

Wachimbaji, kwenye ile meza muko na sauti. Mabinti wenu hawako pale. Museme kwa ajili yao.