Vita vya Wakaliga, Risasi za Mshipi

Mwigizaji amepigwa risasi kifuani. Shati linapasuka, damu inaruka, anaanguka vumbini. Kwenye studio kubwa za Marekani, tukio kama hilo kwa kawaida huhitaji baruti ndogo iliyofichwa chini ya nguo, fundi aliyesomea kazi ya kuitega, na bima juu yake. Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, linahitaji kondomu, rangi nyekundu na mshipi wa kuvulia samaki.

Kondomu hujazwa kimiminika chekundu, ikafungwa na kubandikwa kifuani kwa mwigizaji. Mshipi, ambao kamera haiuoni kwa wembamba wake, hutoka chini ya shati hadi mkononi mwa mtu aliyejibanza pembeni. Amri ikitolewa, mtu huyo huuvuta kwa nguvu, kondomu inapasuka, na kifua kizima kinalowa. Hakuna anayeungua. Tukio likiharibika, gharama ya kulirudia ni kondomu nyingine na kufua shati.

Hiyo ndiyo kazi ya kampuni ya Ramon Film Productions, ambayo dunia imezoea kuiita Wakaliwood. Mwanzilishi wake ni Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973 na kukulia hapohapo Wakaliga. Kabla ya filamu alifyatua matofali, na akiba ya kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Utotoni, filamu za mapigano alizisikia zaidi kuliko kuziona: kaka zake walikwenda kutazama, wakarudi kumsimulia. Chuo cha filamu hakukanyaga. Alijifunza kutengeneza kompyuta, akaunganisha za kwake kwa vipuri vilivyotumika, kisha akajifundisha mwenyewe programu za kuhariri picha.

Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, hadithi ya kamanda wa jeshi anayelisaka genge la wahalifu. Ndani yake mna vita vya msituni, helikopta zinazorusha mabomu na majengo ya Kampala yanayolipuka. Bajeti inayotajwa ni chini ya dola 200 za Marekani, yaani hata shilingi laki tano za Uganda za wakati ule hazikufika. Kwa kulinganisha, Robert Rodriguez alitumia takriban dola 7,000 kupiga El Mariachi, filamu ya mwaka 1992 ambayo hadi leo hutajwa kama mfano wa sinema ya fedha kidogo.

Siri ya kwanza ni watu. Mtaa kama Wakaliga una mafundi wa kuchomelea, maseremala na makanika, na Nabwana aliandika hadithi zake akijua mikono hiyo inaweza kuunda nini. Dauda Bisaso, mwigizaji ambaye pia ndiye fundi mkuu wa vifaa, huunda bunduki kwa mabomba, mbao na vipande vya magari mabovu. Kazi yake kubwa kuliko zote ni helikopta ya vyuma chakavu yenye ukubwa wa kutosha waigizaji kukaa ndani. Haipai na haihitaji kupaa. Kamera ikikaa pembe inayofaa, mtazamaji humalizia safari mwenyewe. Mapigano ya mikono nayo yana mwalimu wake, Bruce U, ambaye hufundisha kung fu vijana na watoto wa mtaa huo.

Siri ya pili ni kujua kazi ya mkono inaishia wapi na ya kompyuta inaanzia wapi. Bunduki za Dauda hazitoi moto. Mwigizaji huitikisa kana kwamba inafyatuka, na mwanga wa mdomo wa bunduki huongezwa baadaye wakati wa kuhariri. Kwa milipuko mikubwa, kitambaa cha kijani hutundikwa ukutani na waigizaji hucheza mbele yake. Kijani huchaguliwa kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu: kompyuta ikiambiwa ifute kila penye kijani, mtu hubaki, na nyuma yake huwekwa jiji linaloungua.

Si kila jaribio lilikwenda salama. Mwanzoni walitumia damu halisi ya ng'ombe, kwa kuwa ilipatikana kwa urahisi na ilionekana vizuri kwenye kamera. Mwigizaji mmoja akaugua kwa sababu yake, na tangu hapo ikawa rangi ya chakula. Somo hilo linamhusu kila kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Goma anayetaka kupiga filamu ya mapigano: fedha zikipungua, usalama wa waigizaji usiguswe.

Soko nalo lilitafutwa kwa miguu. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Waliuza DVD nyumba kwa nyumba na kugawana mapato, wakiharakisha kabla wezi wa kazi za wasanii hawajajaza nakala zao mitaani. Katika vibanda vya video, filamu husindikizwa na sauti ya VJ, mtu anayetafsiri, kutania na kuchochea watazamaji, kama alivyofanya Lufufu Tanzania na anavyofanya DJ Afro Kenya. VJ Emmie ndiye sauti ya Wakaliga.

Kipande cha kuitangaza Captain Alex kilipowekwa YouTube, kilimfikia Alan Hofmanis wa New York. Mwaka 2011 alisafiri hadi Kampala, akawa mshirika na mwigizaji. Bad Black, ambamo Hofmanis anacheza daktari, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas mwaka 2016. Crazy World ikaonyeshwa Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 Wakaliga ikaalikwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa mjini Kassel, Ujerumani.

Hata hivyo kuna hasara ambayo sifa hizo haziwezi kuirudisha. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutunza filamu mbili kwa pamoja, kwa hiyo ili aanze kazi mpya alifuta faili asilia za Captain Alex. Ubora tunaouona leo ni ule wa DVD tu. Ubunifu uliweza kuziba pengo la baruti, la silaha na la helikopta, lakini kwa hifadhi haukuwa na mbadala. Mtayarishaji mchanga anayepanga bajeti yake leo aanze na bei ya diski mbili za kuhifadhia, moja akae nayo na nyingine aiweke kwa ndugu wa mtaa mwingine, kabla hajanunua hata chupa ya rangi nyekundu.