Samatta Uingereza: Mechi 14, Bao Moja, na Jibu la Mzazi kwa Mwanawe

Ni wazazi wachache wa pwani ya Lindi wenye vijana wa kiume ambao hawajalisikia neno hili: "Mimi nataka kuwa kama Samatta." Linasemwa Kilwa Masoko, linasemwa Kivinje, linasemwa Somanga na Mchinga, na aghalabu husemwa pale mtoto anapoulizwa kwa nini hakuonekana madrasa. Baadhi ya wazazi hulijibu kwa fimbo, wengine kwa kicheko, na wapo walio tayari kuuza mbuzi ili mtoto apelekwe kwa mtu aliyejitambulisha kuwa ni wakala wa wachezaji. Sisi tunaona kwamba neno hilo linastahili jibu lililo bora kuliko hayo matatu. Jibu lenyewe limo katika maisha ya Mbwana Ally Samatta, hasa katika ile miezi michache aliyoichezea Aston Villa ya Uingereza.

Njia ya miaka kumi

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1992 na kukulia Mbagala. Kila msafiri atokaye Kilwa au Lindi anaijua Mbagala, kwa kuwa Barabara ya Kilwa hupita hapo kabla ya kuingia katikati ya jiji. Basi huyu si mtoto wa nchi ya mbali. Ni jirani yetu wa mwisho wa barabara. Baba yake naye alikuwa mwanasoka. Kijana alianzia African Lyon, akachukuliwa na Simba, na mwaka 2011 akavuka mpaka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, nchini Kongo.

Vijana wetu hupenda kuianza habari yake Uingereza, ilhali Lubumbashi pekee alikaa takriban miaka mitano. Huko ndiko alikokomaa. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuishinda USM Alger ya Algeria, naye Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji.

Ubelgiji nako alikaa miaka minne. Alitwaa ubingwa wa nchi hiyo msimu wa 2018/19, na mwaka 2019 akapewa tuzo ya Kiatu cha Ebony, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi yao. Mwaka huohuo aliiongoza Taifa Stars kama nahodha katika fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri, ambazo nchi yetu haikuwa imezifikia tangu mwaka 1980. Novemba 5, 2019, akiwa na Genk, alifunga kwa kichwa katika uwanja wa Anfield dhidi ya Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya.

Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu mlango wa Uingereza haukufunguliwa kwa bahati. Kwa kanuni za wakati ule, kibali cha kazi cha moja kwa moja kilikuwa cha wachezaji wa mataifa 50 ya juu katika orodha ya FIFA, tena wanaoitumikia timu ya taifa mara kwa mara. Tanzania ilikuwa mbali sana nje ya orodha hiyo. Mchezaji wa nchi kama yetu alihitaji rekodi yake mwenyewe imsemee, na ya Samatta ilikuwa imeandikwa kwa miaka kumi katika nchi tatu.

Miezi minane ya Villa

Siku ya kwanza ya mwaka 2020, mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley wa Brazil, aliumia goti katika mechi dhidi ya Burnley. Villa walikuwa wakipigana wasishuke daraja, na Januari 20 wakamsajili Samatta kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Januari 28 alicheza mechi yake ya kwanza, nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester City, na Villa wakafuzu fainali. Februari 1 akafunga ugenini kwa Bournemouth, ingawa timu yake ilipoteza kwa mabao 2-1. Siku hiyo akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Kisha ikaja Machi 1, fainali katika uwanja wa Wembley dhidi ya Manchester City. Kwetu usiku ulikuwa umekwishaingia. Villa walikuwa nyuma kwa mabao mawili pale Samatta alipojirusha na kufunga kwa kichwa kabla ya mapumziko. Walifungwa 2-1, lakini bao hilo lilipokelewa nchini kote kama kwamba kombe lenyewe limeletwa nyumbani.

Siku chache baadaye ligi ilisimamishwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Ramadhani ya mwaka huo iliingia na kutoka ligi ikiwa bado imesimama. Iliporejea Juni 17, Villa wakiwa miongoni mwa timu za kwanza kucheza, majukwaa yalikuwa matupu na mabao hayakumjia tena. Villa walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu, Julai 26, kwa tofauti ya pointi moja tu. Kabla Septemba haijaisha, klabu ilikwishamnunua mshambuliaji mwingine, Ollie Watkins, na Samatta akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Hakuichezea Villa tena. Hesabu yake katika Ligi Kuu ya Uingereza ikabaki mechi 14 na bao moja.

Kejeli na riziki

Ndimi zilizomsifu mwezi Machi ndizo zilizomkejeli mwezi Julai. Barazani, sokoni na katika simu zetu, mtu aliyetangulia kufika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika aliitwa aliyeshindwa. Hapa tunapaswa kujiuliza kama Waislamu: je, tunaamini kweli kwamba riziki hugawanywa na Allah (S.W.), na kwamba kipimo chake hakiko mikononi mwa kocha wala mashabiki? Mja hudaiwa juhudi. Matokeo si yake. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Samatta alikuwa amemfunga ngamia wake kwa miaka kumi.

Na riziki yake haikukatika. Kutoka Uturuki alirudi Ubelgiji, akaenda PAOK ya Ugiriki alikotwaa ubingwa mwaka 2024, kisha Le Havre ya Ufaransa. Wahenga wa pwani walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mlango mmoja ulipofungwa, hakukaa kizingitini akilia.

Kabla hujauza mbuzi

Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe wa miaka 15 atapelekwa Ulaya kucheza mpira, na kwamba kinachotakiwa ni fedha za kibali na nauli, na ajue jambo hili: kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa katika nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache mahususi, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa jambo lisilohusu mpira. Wakala anayeificha kanuni hiyo ama haijui, au anaijua na anakuibia. Vyovyote iwavyo, usimkabidhi mtoto. Mtoto ni amana, na amana haitolewi kwa mtu kwa sababu tu anazungumza vizuri.

Ngazi ya kwanza iko karibu zaidi. Tangu msimu wa 2019/20 mkoa wetu una Namungo ya Ruangwa katika Ligi Kuu ya Tanzania. Kijana asiyejulikana Ruangwa hana haja ya kuanza kutafutwa London. Na klabu zetu ndogo zihifadhi kumbukumbu za usajili wa watoto, kwani mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, FIFA huelekeza hadi asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23.

Sala, mkeka na kibanda umiza

Lipo pia jambo la wale wanaotazama tu, nao ndio wengi. Katika majira ya baridi ya Uingereza, mechi inayoanza huko saa 9 alasiri huanza kwetu saa 12 jioni, na adhana ya Magharibi huikuta ikiendelea. Vijana hubaki katika kibanda umiza, na safu za msikiti hupungua. Ligi hiyohiyo ya Uingereza ilisimamisha mpira kwa muda mfupi mwezi Aprili 2021, katika mechi ya Leicester na Crystal Palace, ili wachezaji Waislamu wafuturu. Ikiwa mchezaji aliye uwanjani hupewa nafasi ya ibada yake, mtazamaji wa Kilwa ana udhuru gani?

Hatari iliyo kubwa zaidi ni mkeka wa kubashiri. Kijana huweka shilingi elfu moja ya nauli, kisha elfu tano ya samaki wa baba yake, huku akidai kwamba anapenda mpira. Qur'ani, katika Suratul Maida aya ya 90, imeiweka kamari pamoja na ulevi na kuwaamuru waumini kujiepusha nayo. Samatta alipata chumo lake kwa jasho. Anayebashiri mabao ya Samatta hana jasho lolote humo.

Basi mtoto akisema anataka kuwa kama Samatta, tusimpige wala tusimcheke. Tumwambie: vema, nawe uanze alipoanza yeye. Fanya mazoezi kila siku, usiache shule, adhana ikilia uweke mpira chini, na usiguse mkeka. Ukifika mbali, utafika ukiwa Muislamu mwenye elimu. Usipofika, bado utakuwa Muislamu mwenye elimu, na wazazi wako hawatakuwa wamepoteza kitu. Allah awalinde vijana wetu, na awaruzuku kilicho halali na chenye baraka. Amin.