Nne ya heroini, nne ya kifafa

Nilikwenda hospitali ya wilaya kuuliza habari za uhaba wa dripu, nikatoka na namba kichwani. Ndani ya mlango wa kabati la chuma, katika chumba cha dawa, zimebandikwa karatasi mbili. Ya kwanza inahusu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, na kwenye Jedwali la IV imeandikwa heroini. Ya pili inahusu mkataba wa 1971, na kwenye Jedwali la IV kuna fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo watoto wetu wenye kifafa wanaimeza kila jioni.

“Hata sisi darasani ilituchanganya, mwanangu,” alisema mfamasia, mama aliyekaribia kustaafu. “Mkataba wa 1961 unaanza na Jedwali la I, mofini na kokeini zimo. La II lina kodeini. La III ni michanganyiko yenye kiasi kidogo, kama dawa za kikohozi. Unadhani la IV litakuwa jepesi zaidi? Wapi! La IV ndilo kali kuliko yote. Ni zile za Jedwali la I zilizoonekana hatari yake inazidi mno faida ya tiba, zikawekewa kufuli la pili.”

Bangi ilikuwa humo hadi Desemba 2020, ilipotolewa kwa kura 27 dhidi ya 25. Ikabaki Jedwali la I.

Mkataba wa 1971 unahesabu kinyume. La I ndilo kali, LSD imo humo. Ukishuka hadi la IV unakuta diazepamu na fenobabitoni. Kipimo chake ni uwezekano wa dawa kutumiwa vibaya na madhara yake kwa jamii, dhidi ya faida yake kwa mgonjwa. Ketamini haimo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekataa mara kadhaa iingizwe, maana vyumba vingi vya upasuaji vijijini vinaitegemea.

Wauguzi wanaliita kabati hilo DDA, herufi za sheria ya enzi za Mwingereza, ingawa sheria yetu ya sasa ni ya 2015. Lina milango miwili na funguo mbili, kila ufunguo na mtu wake. Ampuli ikitumika, tupu yake lazima irudi. Ukikosea kwenye daftari hufuti. Unapiga mstari mmoja, unaweka sahihi.

“Sipingi ulinzi,” alisema. “Nimewaona vijana walioharibika. Lakini nimesimama hapa usiku, mgonjwa wa saratani analia wodini, na mimi namsubiri mwenye ufunguo wa pili. Uganda tangu 2004 muuguzi aliyefunzwa anaruhusiwa kuandika mofini. Walimwamini.”

Aliweka ampuli mezani, akazihesabu kwa kidole. Kumi na moja. Daftari nalo lilisema 11.

Nikamuuliza maumivu ya mgonjwa huandikwa safu gani. Akapitisha kidole: tarehe, jina, kilichotoka, kilichobaki, sahihi ya kwanza, sahihi ya pili. Kidole kikafika ukingoni mwa karatasi.