Si Buibui Lililomficha

Aprili 2023, kwenye mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya jijini Nairobi, kijana wa kiume, mwanafunzi wa chuo kikuu, alijiandikisha kitengo cha wanawake kwa jina la kike. Alivaa buibui, ninja iliyobakisha macho tu, na miwani juu yake. Akakaa mezani na wanawake wenye majina makubwa katika mchezo huo, Wakenya na wageni, akawafunga. Ilipofika raundi ya nne aliitwa kando, akatakiwa kitambulisho, akakiri. Alisema shida ya pesa ndiyo iliyomsukuma. Pointi alizochuma walirudishiwa waliofungwa, kesi ikapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na habari ikaruka hadi BBC.

Huku kwetu Mjambere, Kisauni, Mombasa, habari ilifika ikiwa imeshageuka. Kijana mwenyewe alisahauliwa siku ya pili. Kilichobaki kujadiliwa ni nguo. Kwenye matatu za Bakarani, saluni, dukani kwa wakala wa M-Pesa, kila aliyefungua mdomo alikuwa na la kusema juu ya buibui: kwamba ni maficho, kwamba viongozi wa mchezo waliogopa dini ya watu, kwamba kuanzia sasa anayetaka kucheza aje uso wazi au abaki nyumbani. Sikumsikia hata mmoja akiuliza lile ambalo mwanamke yeyote wa Pwani angeuliza kwanza. Mtu huyu aliwezaje kumaliza raundi tatu katikati ya wanawake bila mwanamke mmoja kumsemesha mpaka amjibu?

Buibui ni nguo ya njiani. Huvaliwa kutoka mlango mmoja hadi mlango mwingine, na maana yake yote iko kwenye milango hiyo. Fika kwenye harusi yetu, upande wa kina mama, uone kinachotokea mtu akishavuka kizingiti: ninja hupandishwa, buibui huvuliwa na kukunjwa, na chini yake hutoka gauni la kumeremeta, hina na piko hadi kwenye vifundo vya mikono, kikuba cha asmini na rehani kifuani, udi uliofukizwa tangu adhuhuri. Hakuna anayekaa kati ya wanawake wenzake uso umefungwa. Akitokea, hatutamwacha kwa kumheshimu. Mama mtu mzima atamwendea, atamshika mkono na kumuuliza, "Mwanangu, u mzima? Wewe mwana wa nani?" Na atasubiri jibu. Kama hakuna jibu, shughuli husimama.

Hata njiani hatupotezani. Anayetutazama kwa mbali huona weusi mtupu na kudhani tumefanana. Sisi hutambuana kwa mwendo, kwa mikono, kwa namna mtu anavyobeba kikapu, kwa harufu ya udi wa nyumba yake, kwa viatu. Nimetaja viatu kwa makusudi, kwa sababu wakuu wa chama cha sataranji walipoeleza walivyomgundua kijana yule walitaja, miongoni mwa mengine, mambo mawili: viatu vyake vilikuwa vya kiume, na alikuwa hasemi na mtu, hata alipokwenda kuchukua kitambulisho chake cha mashindano. Mtoto wa miaka minne wa Mjambere, akipotea sokoni, humtafuta mama yake kwa viatu. Kwa hiyo mila haikumficha mdanganyifu. Alama zilizomtoa ni zile zile ambazo mila hutumia kila siku, na zingemtoa asubuhi ya kwanza kama mezani pa kujiandikisha angekaa mwanamke anayezijua.

Nguo hii tumefika nayo kwa njia ndefu, na wanaoisema ovyo wangeijua njia hiyo wangepunguza sauti. Zamani mwanamke wa kiungwana wa Mombasa na Lamu alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikiliwa na watumwa wake pande zote. Mtumwa wa kike hakuruhusiwa kujifunika. Buibui lilipoingia, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, lilikuwa vazi la mtu mmoja, halikuhitaji wa kulibeba. Na utumwa ulipofutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa wamekatazwa stara walilivaa buibui kama walivyolivaa waliokuwa mabibi zao. Margaret Strobel ameyaandika haya katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Kisauni yetu, ambako Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, inajua uzito wa jambo hilo. Kwa wengi buibui la kwanza lilikuwa dai kwamba na mimi ni mtu wa heshima.

Ninaloliomboleza ni buibui la kamba, lile la bibi zetu. Lilikuwa shuka pana jeusi lenye kamba ya kufunga kichwani, lisilo na mikono, na uso haukuwa na kipande chake cha kushonwa. Mwanamke aliuziba kwa mkono wake mwenyewe, akikusanya upindo na kuushika chini ya macho. Akipita wanaume asiowajua, mkono hupanda. Akikutana na shoga yake, mkono hushuka, na hapo watasimama kivulini nusu saa. Kujifunika kulikuwa kitendo, kila mara kikifanywa na mwenye uso kwa kumtazama aliye mbele yake. Leo tumevaa abaya za Dubai na ninja ya kufungwa kisogoni, ambayo ikishafungwa imefungwa. Sisemi ni mbaya, naivaa. Lakini ule mkono uliopanda na kushuka umetupotea, na pamoja nao imepotea namna ya kumfahamisha mgeni kwamba nyuma ya kitambaa yuko mtu anayekuona na kukupima.

Na kimya je? Hapo nauhama upande wetu, niende barazani kwa wanaume, kwa sababu Mjambere ina mila ya mchezo iliyotangulia sataranji za mahotelini. Nasema bao. Drafti ya vifuniko vya soda, karata na keram zipo na zitaendelea kuwapo. Sina la kuzisemea. Bao ni jambo jingine. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64 za mkomwe. Kila mchezaji wa bao la Kiswahili huanza na kete kumi ubaoni, sita kwenye shimo liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza moja moja. Mwanagenzi hapewi hilo siku ya kwanza. Huanzishwa na bao la kujifunza, ambalo kete zote zimeshapangwa mbili mbili. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki 1840, alilitungia bao shairi. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akachapisha kitabu kizima juu ya namna akili zao zinavyohesabu mizunguko ya kete kabla mkono haujatoka.

Barazani pa bao kila siku ni mashindano ya wazi. Aliyefungwa hupisha, anayefuata hukaa, na hakuna anayemzuia mwanagenzi kukaa mbele ya bingwa. Wapo waliostaafu bandarini, makondakta, walimu, wavuvi wa Mtwapa waliokuja kumzuru ndugu. Mjambere si Mji wa Kale. Mgiriama hukaa na Mkamba, na Mjaluo aliyekulia kwenye ajua ya kwao hujifunza njia za mashimo ya nyumba na kimbi kwa wiki chache. Lakini mtu hafiki na kucheza. Hutoa salamu, huitikiwa, husogezewa nafasi, hutiliwa kahawa chungu, na kabla hajagusa kete ameulizwa anatoka wapi na bao alifunzwa na nani. Swali hili la pili ndilo zito, maana kila fundi ana fundi wake, na uchezaji wa mtu hueleza alikokaa. Watazamaji nao hawanyamazi. Hutania, hupinga, humkumbusha mchezaji mtaji, yaani nafasi ya kula, alioupita. Kijana asiyejulikana akiwafunga mafundi watatu mfululizo, jina lake na la baba yake litafika hadi mtaa wa Mlaleo kabla ya magharibi.

Kwenye ukumbi wa sataranji mambo yamepangwa vinginevyo, na sina ugomvi na mpango huo. Mtazamaji haruhusiwi kusema. Kila mshindani ana kiwango chake kilichoandikwa, na washindi hupangiwa washindi wenzao kila raundi, ndiyo maana mgeni anayeshinda hufika haraka kwenye meza za mbele. Kiwango kimechukua kazi ya salamu. Asiye na kiwango basi hana historia, na kimya chake huonekana adabu. Lakini hata wenye sataranji walishangaa, wakasema wachezaji huongea na wapinzani wao kwa sababu mchezo ni urafiki, si vita. Hapo tunakubaliana kabisa.

Wanaosema sataranji na stara havikai pamoja niwakumbushe kwamba mchezo huu ulifika Ulaya ukipitia mikononi mwa Waislamu. Said bin Jubair, aliyeuawa mwaka 714, alisifika kwa kucheza akiwa ameupa ubao mgongo. As-Suli wa Baghdad, karne ya 10, aliacha fumbo la sataranji lililokaa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mrusi Yuri Averbakh kulifumbua.

Na nisieleweke vibaya. Mwaka 2017 ubingwa wa dunia wa wanawake ulipofanyika Tehran, wachezaji wote walitakiwa kujifunika kichwa, na bingwa wa wanawake wa Marekani, Nazi Paikidze, akasusia. Desemba 2022 Muirani Sara Khadem alicheza Almaty bila hijabu, kisha akahamia Uhispania. Niko upande wao. Anayemlazimisha mwanamke avae na anayemlazimisha avue wanafanya kazi moja, na hakuna kati yao anayemuuliza anachezaje.

Bao lenyewe linatutoka. Nyumba zenye baraza mbele zinavunjwa, ghorofa za kupangisha zinapanda, na palipokuwa na baraza pana geti la chuma. Tangu Kisauni itangazwe kuwa makao ya magenge ya vijana wa panga, kundi la wanaume waliokaa jioni nje ya nyumba hutiliwa shaka hata kama katikati yao kuna ubao na birika la kahawa. Wazee wanaondoka na bao lao. Wajukuu wanacheza sataranji kwenye simu, na mtu asiyewajua wala kuwasalimu, aliye Manila au Lagos. Wacheze, ni mchezo mzuri. Ningependa tu wauchukue pamoja na adabu ya baraza walilolikuta.

Kitengo cha wanawake kiliwekwa kwa sababu wanawake ni wachache kwenye meza hizo, na aliyeibiwa Nairobi ni mwanamke aliyejifunza kwa miaka. Ombi langu kwa chama cha sataranji, na kwa kila atakayeandaa mashindano hapa Mombasa, ni dogo na halina gharama. Wekeni mwanamke mezani pa kujiandikisha na mpeni chumba chenye mlango. Aliyevaa ninja aingie, asalimiwe, aonyeshe uso na kitambulisho chake kwa mwanamke mwenzake, kisha atoke akacheze. Msichana wa Mjambere anayetaka kucheza na ninja yake asizuiwe, wala asiambiwe aivue mbele ya wanaume.